Jina la Mama Katika Hati ya Shamba

Katika kila soko la nchi yetu twawaona akina mama wakiuza ndizi, dagaa na vitenge. Bidii wanayo, na hesabu waijua. Mbona basi biashara zao nyingi hazikui? Wako wasemao kwamba wanawake ni waoga. Sisi hatukubali. Sababu moja kubwa ni kukosa dhamana.

Atakaye kukuza duka huomba mkopo. Mkopeshaji naye huuliza: “Ukishindwa kulipa, tutashika nini?” Mume huonyesha hati ya shamba. Mke aliyelilima shamba lilo hilo hana la kujibu, kwani hati haina jina lake. Hurudi kwenye chama cha kuwekeana akiba, ambacho chafaa kwa mtaji mdogo, lakini ni shida kukipata humo cha kununulia mashine ya kusaga.

Zamani kanuni zenyewe zilimfunga. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimpa mwanamke ruhusa ya kulitumia shamba la ukoo, si kuliuza. Mwaka 1990 shauri la mama mzee wa Kihaya, aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, lilifika Mahakama Kuu, Mwanza. Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke aweza kuuza kwa masharti yale yale yampasayo mwanamume. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Tena, katika wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji, 3 wawe wanawake.

Lakini sheria haiandiki jina la mtu katika hati. Wenye nyumba ndio waliandikishao. Kwa hiyo, enyi akina baba, siku ya kuomba hati, andikisheni majina mawili. Tena hivyo watoto hulindwa, kwani nyumba ya familia haiwekwi rehani ila kwa ridhaa ya wote wawili.

Mwingine atanung’unika: “Mke akiwa na mali hataniheshimu.” Ndugu, heshima itegemeayo ukata wa mkeo si heshima, ni hofu. Na siku utakapofumba macho, hofu hiyo haitamlinda mjane wako wala kuwasomesha wanao.