Zamu ya Krismasi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kuanzia mkesha wa Krismasi hadi Mwaka Mpya, ofisi nyingi za Dar es Salaam hubaki na watu wa kuhesabika. Wenzako wako Moshi, Bukoba, Mbeya au Songea kwa wazazi wao. Wewe umepangwa zamu. Simu zimetulia, korido ni tupu, na ni rahisi kujiambia kwamba upo pale kulinda jengo tu.

Hilo ni kosa. Anayegonga mlango wako tarehe 27 Desemba ana shida isiyoweza kungoja. Ni dereva wa lori la kwenda Zambia au Kongo anayesubiri nyaraka za mzigo. Amelala ndani ya lori tangu sikukuu na posho ya safari inamwishia. Ni mama aliyekuja duka la dawa kwa sababu insulini ya mwanawe imebaki ya siku moja. Kabla ya kufika kwako wameshakuta milango kadhaa imefungwa.

Utulivu wa sikukuu haupunguzi wajibu wa aliye zamu, na haupunguzi haki yake hata kidogo. Kila Desemba mfanyakazi husahau la kwanza na mwajiri husahau la pili. Basi kila mmoja asome sehemu yake, kisha asome na ya mwenzake.

ALIYE ZAMU: FANYA HAYA

1. Ijue kalenda. Sikukuu ni tarehe 25 na 26 Desemba, kisha tarehe 1 Januari. Tarehe 24, na zote kuanzia 27 hadi 31, ni siku za kazi kama nyingine, ukiacha za mwisho wa wiki. Asiyefika tarehe 29 bila ruhusa ni mtoro, hata kama mtaa mzima umelala.

2. Pokea makabidhiano kwa maandishi. Usikubali maelezo ya mlangoni, mtu ana begi begani na basi linamngoja. Kaeni chini, mfungue daftari, muandike: funguo za stoo anazo nani, mteja gani ameahidiwa nini na kwa tarehe ipi, hundi ipi haijasainiwa, fundi yupi apigiwe jenereta likigoma. Kisha wote wawili mtie saini. Kazi ya wiki hii mara nyingi hukwama kwa jambo dogo sana: funguo ziko mfukoni mwa mtu aliyekwisha kufika Rombo.

3. Jaza mapema vinavyoisha. Umeme wa LUKU, dizeli ya jenereta, karatasi, wino, maji ya kunywa, fedha taslimu za matumizi madogo. Benki zinafungwa siku mbili mfululizo, na wakala wa mtaani naye huishiwa floti. Shilingi 50,000 zikikosekana kwenye droo, kazi ya siku nzima inaweza kusimama.

4. Fika kwa wakati. Kama ofisi hufunguliwa saa 2 asubuhi, iwe wazi saa 2. Wiki ambayo Barabara ya Morogoro inapitika bila foleni ndiyo usiyokuwa na kisingizio kabisa.

5. Maliza viporo. Hesabu ya stoo, faili zisizopangwa, barua zisizojibiwa, orodha ya wanaodaiwa: mambo haya huahirishwa mwaka mzima kwa madai ya kukosa nafasi. Nafasi sasa ipo. Chagua jambo moja kila siku na ulifikishe mwisho.

6. Andika saa zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe mara mbili ya mshahara wa msingi kwa kila saa iliyofanyiwa kazi siku ya sikukuu. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Haki hiyo hudaiwa kwa kumbukumbu. Andika saa ya kuingia na ya kutoka, na msimamizi wako asaini siku hiyohiyo. Ukingoja Januari, utaambiwa hakuna anayekumbuka.

ALIYE ZAMU: USIFANYE HAYA

1. Usidanganye kuwa unaumwa. Simu unayopiga asubuhi ya tarehe 26 inamrudisha kazini mwenzako aliyekuwa mezani na watoto wake. Umemdhulumu yeye kabla ya kumdhulumu mwajiri. Kama unaumwa kweli, nenda hospitali ulete cheti.

2. Usimsainie mwenzako kitabu cha mahudhurio. Kulipwa kwa saa ambayo mtu hakufanya kazi ni wizi, na aliyemsainia ameshiriki.

3. Usimwambie mteja "njoo Januari" kabla hujajaribu. Mweleze linalowezekana leo, lisilowezekana, nani mwenye mamlaka ya kulitatua na lini atakuwepo. Chukua namba yake ya simu, na umpigie kama ulivyoahidi.

4. Usilete pombe kazini. Pilau na soda mnaweza kula pamoja mchana, tena ni vizuri. Bia ingoje zamu iishe.

5. Usimwachie mlinzi kazi yako. Kufunga saa 8 mchana na kumwacha mlinzi getini awaeleze watu kwamba "wametoka kidogo" ni kumtwisha mtu wa chini uongo wako.

6. Usikubali haki yako igeuzwe zawadi. Mfuko wa mchele na dumu la mafuta ya kula vipokee kwa shukrani. Havilipi saa za tarehe 25. Uliza kwa adabu na kwa maandishi. Ukinyimwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili ya migogoro ya namna hiyo.

ALIYEPANGA ZAMU: NAWE SIKIA

1. Toa ratiba Novemba. Tiketi za Moshi na Arusha huwa za kugombaniwa Desemba, na watu hulipia mapema. Kumwambia mtu tarehe 22 kwamba hasafiri, ilhali nauli ya familia nzima keshalipa, ni ukatili.

2. Usiwabebeshe Waislamu kila mwaka bila kuwauliza. Sehemu nyingi za kazi zina utaratibu mzuri: Waislamu hushika zamu ya Krismasi, Wakristo hushika ya Idi. Uheshimike pande zote mbili. Idi hufuata mwezi kuandama, kwa hiyo Mkristo aliyepumzishwa Desemba ajiweke tayari kwa siku zote mbili zinazotarajiwa, asije na udhuru usiku wa kuamkia Idi.

3. Usimwambie yeyote "wewe huna pa kwenda". Aliyezaliwa Temeke ana mama Temeke. Asiye na mtoto ana ndugu, na asiye na ndugu ana haki ya kupumzika. Zungusha zamu kwa wote.

4. Mwachie muumini nafasi ya ibada. Mkristo aliyepangwa tarehe 25 aingie mchana, baada ya misa au ibada ya asubuhi. Ukiigawa siku mara mbili, hakuna kitakachoharibika.

5. Patikana. Kumwacha kijana ofisini bila mtu wa kumsainia hati, huku simu yako umeizima, ni kumfunga mikono kisha kumlaumu. Kama huwezi kupatikana, teua kaimu kwa barua na umpe mamlaka kamili.

6. Usiweke watu kwa ajili ya sura. Kama hakuna kazi kweli, funga ofisi, tangaza mapema kwa wateja, na uwaachie watu watumie sehemu ya likizo yao ya siku 28. Kumkalisha mtu bila kazi ili tu wakubwa waone taa zinawaka ni kumwibia siku ambayo hairudi.

7. Lipa kwenye mshahara wa Januari. Ndio mwezi wa sare, madaftari na michango ya shule. Malipo ya sikukuu yanayosogezwa hadi Machi yanakuwa yamekosekana siku yalipohitajika.

8. Tunza daftari la zamu. Mwakani usimtafute aliyekubali haraka wala asiyejua kukataa. Fungua daftari la mwaka huu: majina yaliyomo ndiyo ya kwanza kuruhusiwa kusafiri.