MTI MZURI HUZALIWA NA MTI MZURI
Somo juu ya kuchagua miti ya mbegu

Mfugaji mwenye akili hachinji fahali wake bora, akamwacha yule dhaifu awe baba wa ndama zake. Lakini katika miti watu wengi hufanya jambo hilo hilo. Mti ulionyoka hukatwa kwanza, kwa kuwa una bei nzuri; uliopinda huachwa, nao ndio utoao mbegu za miaka ijayo. Hivyo kila kizazi cha miti huelekea kuwa hafifu kuliko kilichotangulia.

Hatari hiyo iliukabili mti uitwao mukau huko Ukambani. Mukau hustahimili ukame, mbao zake haziliwi upesi na mchwa, na majani yake ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Kwa sababu ya sifa hizo umekatwa sana. Mwaka 2012 Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, ikisaidiwa na Japani, ilianza mradi wa kuboresha miti ya nchi kavu. Miti bora ya mukau ilitafutwa, na bustani za mbegu zikapandwa Tiva, katika Kitui, na Kibwezi.

Mti bora huchaguliwaje? Kwanza, hulinganishwa na jirani zake wa umri mmoja, katika udongo wa namna moja. Mti ulioota kando ya zizi huweza kunenepa kwa nguvu ya samadi, wala si kwa asili yake.

Pili, shina hutazamwa. Yapasa liwe nene, lililonyoka, lisilo na ugonjwa wala panda karibu na ardhi.

Tatu, vitawi vya mti huo hukatwa na kubebeshwa juu ya miche michanga. Miche hiyo hupandwa bustanini pamoja na ya miti mingine bora, ile ya mti mmoja ikiachanishwa, ili ndugu wasizaane.

Nne, watoto wa kila mti hupandwa katika shamba la majaribio. Mti ambao watoto wake ni dhaifu huondolewa, hata kama wenyewe wapendeza machoni.

Mkulima asiyeweza kupata mbegu za bustani yafaa atie alama miti yake bora, asiikate kabla ya kuchuma mbegu. Wala asichume katika mti mmoja tu. Yafaa ashirikiane na majirani, mbegu zitoke katika miti isiyopungua 30, iliyoachana mita 50 au zaidi, kisha zichanganywe.

Mahindi yakiharibika, mengine hupandwa msimu ujao. Mukau hukaa shambani miaka kumi na zaidi kabla ya kutoa mbao. Akoseaye mbegu leo ataliona kosa hilo watoto wake wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima.