SOMO: KIDIMBWI KIKAVU SI KITUPU



Katika mabonde ya mito yetu kuko vidimbwi vinavyojaa wakati wa mvua na kukauka kabisa wakati wa kiangazi. Lakini mvua ikisha kunyesha wiki chache, wakati mwingine mnaona samaki wadogo ndani. Wametoka wapi? Hawakuanguka na mvua. Walikuwa mule mule katika matope, wangali mayai.

Ni samaki gani?
Wataalamu wanamwita Nothobranchius brieni. Alikusanywa Bukama, katika jimbo letu, kwenye reli ya kwenda Lubumbashi. Max Poll wa Ubelgiji aliandika juu yake mwaka 1938, akampa jina la profesa Paul Brien aliyemkusanya. Ni mdogo kama kidole. Dume ana rangi mingi za kung'aa, jike hana.

Anaishi namna gani?
1. Mvua inajaza kidimbwi, mayai yanapasuka.
2. Watoto wanakua mbio sana. Kisha wiki chache wanaanza kutaga.
3. Jike anaficha mayai katika matope, kidogo kidogo, siku kwa siku.
4. Maji yakiisha, samaki wote wanakufa. Mayai yanabaki yamelala katika udongo wa mfinyanzi mpaka mvua ingine.

Tena mayai yote hayapasuki mara moja. Mengine yanangoja. Ni kama mkulima mwenye akili: hapandi mbegu zote kwa mvua ya kwanza, maana mvua inaweza kukatika.

Juu ya nini tumchunge?
Hatoshi kwa chungu, ni kweli. Lakini anakula vidudu vya maji, hata watoto wa mbu, na mbu ndio wanatuletea malaria. Kidimbwi kikiharibika, hana pa kukimbilia, sababu hakuna mto wa kumtoa.

Tufanye nini?
- Matofali: msichimbe udongo wote wa kidimbwi. Mayai yako katika matope yale yale. Chimbeni pembeni, acheni katikati.
- Bwawa la tilapia: lichimbeni pahali pengine. Maji yakikaa mwaka mzima, samaki wakubwa wanakula wadogo, na mayai haya yanataka kiangazi.
- Bustani ya mboga: msifungue mfereji mapema. Maji yakitoka kabla samaki hawajataga, mwaka ujao hakuna kitu.
- Dawa ya wadudu: msioshe pompi ndani ya kidimbwi, wala msitupe chupa zake humo.

Maulizo ya kuzungumza katika kikundi
Katika mashamba yetu, ni vidimbwi gani vinakauka kila mwaka? Nani anachimba udongo pale? Kabla ya kiangazi, tukubaliane wote: ni kidimbwi gani kimoja hatutakigusa?