Dondoo muhimu: Klorini katika bwawa la maji ya chumvi

Wengi hudhani bwawa la chumvi halina klorini. Linayo. Umeme ukipita kwenye seli ya mashine hugeuza chumvi iliyoyeyuka kuwa klorini, nayo ndiyo inayoua vijidudu. Pima maji angalau mara mbili kwa wiki: klorini huru iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita.

Chumvi yenyewe ni kidogo. Mashine nyingi hutaka takriban gramu 3 kwa lita. Bahari ina kama 35. Chumvi haipotei kwa mvuke, bali maji yanapofurika wakati wa masika au unapoosha chujio. Pima kwanza ndipo uongeze.

Huku pwani jua ndilo mlaji mkubwa wa klorini. Maji yasiyo na asidi ya sayanuriki, ambayo huikinga klorini, yanaweza kupoteza sehemu kubwa yake kwa saa chache tu za mchana.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni pH, iwe 7.2 hadi 7.8. Katika mabwawa haya hupenda kupanda, na ikipanda, klorini ipo lakini nguvu zake zimepungua. Ishushe kwa asidi kidogo kidogo, pampu ikizunguka. Ukiizimua, mimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Na usiichanganye na klorini ya dukani, hutoa gesi ya sumu.

Kagua seli kila baada ya miezi mitatu. Ukoko mweupe ukiishika, uzalishaji hushuka.

Sakafu ya bwawa isipoonekana, asiingie mtu, hasa watoto.