FAHAMU AFYA YAKO: Kifua Kikuu, Ugonjwa Uliotembea Nasi Tangu Kale

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba binadamu aliambukizwa kifua kikuu, au TB, na ng'ombe alipoanza kufuga. Baadaye, chembe za urithi za bakteria zilipolinganishwa, ilibainika kuwa bakteria wa binadamu hawakutokana na wale wa ng'ombe. Koo zote kuu za bakteria hawa zinapatikana Afrika, kwa hivyo wengi wanaamini ugonjwa ulianzia bara letu, ukasambaa kwa safari za watu. Hata hivyo, maziwa mabichi bado yanaweza kuleta TB ya ng'ombe. Yachemshe.

Je, bakteria hawa waliishi vipi wakati watu walikuwa wachache? Wangemuua kila waliyemwingia upesi, nao wangeangamia. Waliobaki ni wale wanaojua kungoja. Kinga ya mwili huwazingira, nao hutulia miaka mingi bila mtu kuugua wala kuambukiza. Inakadiriwa kuwa robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, lakini ni watu 5 hadi 10 tu kati ya 100 walioambukizwa ambao huugua maishani. Kinga ikishuka kwa sababu ya Virusi vya Ukimwi, kisukari au lishe duni, bakteria huamka.

Mabadiliko yao hayajakoma. Dawa ya streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, na muda si muda wagonjwa waliopata nafuu walianza kuugua tena. Bakteria wachache waliostahimili dawa ndio waliobaki na kuzaana. Ndiyo maana leo mgonjwa hupewa dawa kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida kwa miezi 6. Ukiacha katikati kwa kuwa umepata nafuu, unaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Kisha unawaambukiza walio nyumbani kwako TB ambayo ni ngumu zaidi kutibu.

Mkaazi, ukiwa na kikohozi kisichoisha, homa, jasho jingi usiku au ukikonda bila sababu, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Upimaji wa makohozi na dawa za TB ni bila malipo katika vituo vya umma. Unaoishi nao, hasa watoto wadogo, wapimwe pia.

TB inatibika. Anza dawa mapema, umalize zote.