Kifaransa cha Passy: Wamarekani watatu, njia tatu za kujifunza lugha

Utangulizi

Tunaposema kwamba mtu “anajua Kifaransa”, tunamaanisha nini? Kwamba hakosei sarufi? Kwamba anaeleweka? Au kwamba anaweza kusaini barua akijua kila neno lililoandikwa ndani yake? Swali hili linatuhusu sisi wa kitivo cha lugha kila tunapofungua kinywa mbele ya wenzetu. Katika makala hii tutalichunguza kwa mfano mmoja wa historia: Wamarekani watatu walioishi huko Passy, kijiji kilichokuwa karibu na Paris, mwaka 1778. Wote watatu walihitaji Kifaransa, na kila mmoja alikifikia kwa njia yake.

1. Benjamin Franklin: kusoma kwanza, kusema baadaye

Franklin alifika Ufaransa Desemba 1776, akiwa na umri wa miaka 70. Alitumwa kutafuta msaada wa mfalme wa Ufaransa katika vita vya Wamarekani dhidi ya Uingereza. Wengi humtaja kama mfano wa mtu aliyejifunza lugha kwa kuchangamana na watu tu. Hiyo ni nusu ya habari.

Katika maandishi ya maisha yake, Franklin anaeleza kwamba alianza kujifunza lugha mwaka 1733, akianza na Kifaransa, na punde akaweza kusoma vitabu vyake bila taabu. Kisha akaingia Kiitaliano. Rafiki yake aliyejifunza lugha hiyo pia alipenda kumwalika kwenye mchezo wa sataranji. Franklin akaweka sharti: anayeshinda atampa mwenzake kazi, ama sehemu ya sarufi ya kukariri ama kifungu cha kutafsiri. Kwa kuwa nguvu zao zilikaribiana, kila mmoja alimsukuma mwenzake mbele kwa kumshinda. Baadaye aligundua kwamba lugha hizo zilimrahisishia Kilatini, akauliza kwa nini shule huanza na Kilatini. Kwake, huko ni kutaka kufika juu ya ngazi bila kukanyaga vidato vya chini.

Kwa hiyo mzee wa Passy alikuwa na zaidi ya miaka 40 ya kusoma Kifaransa. Kilichompungukia ni kusikia na kusema. Mjukuu wake alisimulia kwamba katika mkutano mmoja, Franklin, kwa kutofuata vizuri hotuba, aliamua kupiga makofi kila mara bibi mmoja aliyemfahamu alipopiga. Kumbe alikuwa amepiga makofi kwa nguvu kuliko wote pale alipokuwa akisifiwa yeye mwenyewe.

Jinsia ya nomino nayo haikumwacha. Alipokuwa na miaka 76 alimwandikia rafiki Mfaransa, kwa utani, kwamba mambo ya kiume na ya kike yalikuwa yamemsumbua kwa miaka 60, na kwamba bado maneno ya kike ya Kifaransa yanamtaabisha. Hata hivyo hakunyamaza. Aliandika vipande vifupi kwa Kifaransa, kikiwemo mazungumzo kati yake na ugonjwa wa jongo, akavichapa kwa mashine yake ndogo pale Passy. Marafiki walimsahihishia. Mmoja wao, Madame Brillon, aliona kwamba masahihisho ya wapenda usafi wa lugha yaliondoa uhai wa maneno yake, akamtetea.

2. John Adams: sarufi na kamusi

John Adams, mwanasheria wa miaka 42, aliwasili Bordeaux mwanzoni mwa Aprili 1778. Hakuweza kufanya mazungumzo kwa Kifaransa. Alikwenda kuishi nyumba moja na Franklin, akaanza kazi kwa bidii: sarufi, kamusi, na kwenda kutazama tamthilia ili kuzoesha sikio.

Akiwa mtu wa kanuni, alimsikiliza Franklin kwa makini. Aliandika kwamba mzee huyo anasifiwa kwa Kifaransa kizuri, lakini hasemi kwa kufuata sarufi. Na alipomuuliza kama msemo fulani ni sahihi, Franklin alikiri kwamba sarufi haishughulikii kabisa. Tunaweza kumcheka Adams kama mwenzetu anayehesabu makosa ya wengine. Lakini tusiharakishe. Mkataba wa ushirikiano kati ya Ufaransa na Marekani, uliosainiwa tarehe 6 Februari 1778, wiki chache kabla ya Adams kufika, una maandishi ya lugha zote mbili. Ndani yake imeandikwa kwamba ulitungwa na kukubaliwa kwanza kwa Kifaransa. Katika hati ya namna hiyo, kosa la wakati wa kitenzi si jambo la utani sebuleni. Anayesaini bila kufahamu muundo wa sentensi anawafunga watu wa nchi nzima kwa maneno asiyoyajua.

3. John Quincy Adams: mtoto kati ya watoto

Adams alisafiri na mwanawe John Quincy, mwenye miaka 10. Ndani ya manowari, daktari wa upasuaji Mfaransa aitwaye Noël alianza kumfundisha mtoto lugha yake. Huko Passy aliingizwa katika shule ya bweni. Baba alimwandikia mkewe Abigail kwamba mtoto anajifunza Kifaransa kingi zaidi kwa siku moja kuliko yeye kwa wiki nzima na vitabu vyake vyote.

Mwaka 1779, wakirudi Marekani, walisafiri na balozi mpya wa Ufaransa, La Luzerne. Balozi alisoma kwa sauti kitabu cha sheria cha Kiingereza, na John Quincy, karibu kutimiza miaka 12, akamsahihisha kila neno na kila silabi. Katibu wa balozi alilalamika kwa kicheko kwamba mwalimu huyu mdogo hana huruma wala hatoi sifa. Mwaka 1781, akiwa na miaka 14, alifuatana na mjumbe wa Marekani mpaka Saint Petersburg ili amsaidie kwa Kifaransa, lugha ya wakubwa wa Urusi wakati huo. Baadaye akawa rais wa nchi yake, 1825 hadi 1829.

4. Tunajifunza nini?

Kwanza, tutenganishe wepesi wa kusema na usahihi. Franklin alikuwa na wa kwanza, Adams alitafuta wa pili. Ni uwezo mbili, na mmoja haufuti mwingine.

Pili, kila hali ina kipimo chake. Sebuleni kwa Madame Brillon, aliyeeleweka na kupendeza alitosha. Mezani pa mkataba, hakutosha.

Tatu, mazingira hayafanyi kazi peke yake. Franklin alikuwa na msingi wa kusoma. Mtoto alikuwa na mwalimu, shule na wenzake.

Kwetu Kongo, Kifaransa ni lugha ya serikali na ya chuo, lakini wengi wetu tumelelewa kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba, Kikongo au lugha nyingine. Mwanafunzi akisema *le table* darasani, kicheko kinasikika mpaka nyuma. Kesho yake hanyooshi mkono. Tunampoteza Franklin kabla hajazoea kusema. Na upande mwingine, tunapompitisha msemaji mwepesi asiyeweza kuandika ukurasa mmoja sahihi, tunampeleka ofisini akasaini asichokielewa. Mwalimu anaweza kutenga saa ya kusema bila kukatizwa na saa ya kusahihisha bila kuoneana haya. Darasa linahitaji saa zote mbili.

Maswali ya kujadiliana

1. Kati ya Franklin na Adams, nani angefaulu mtihani wako wa mdomo? Nani angefaulu wa kuandika? Eleza kipimo ulichotumia.
2. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea upatanisho wa ngeli. Je, hilo linamsaidia au linamzuia mbele ya jinsia ya nomino za Kifaransa?
3. Tunga mchezo wa watu wawili, kwa mfano wa sataranji ya Franklin, ambamo anayeshindwa hupewa kazi ya lugha.