SOMO LETU: Tovuti ya Kikundi – Itazameni Kwanza Nyumbani



Kikundi kimoja cha akina mama nilichokitembelea kilifungua tovuti ili kuuza vyondo. Katibu alinakili daftari lote, pamoja na majina ya waliochelewesha mikopo. Hakuna aliyetazama kurasa kabla hazijatoka. Mama mmoja aliona jina lake, na mpaka leo hajarudi mkutanoni. Kwa hivyo leo tujifunze kutazama kwanza.

Hugo ni programu ya bure, iliyoanza mwaka 2013. Inafanya kazi kama mama wa mandazi: anakaanga mapema, mteja akija anapewa tu. Hugo huchukua maandishi yenu na kutengeneza kurasa zote mapema.

Hatua (kompyuta ya Windows 10 au 11):

1. Mkiwa na intaneti, fungueni dirisha la amri, muandike:
winget install Hugo.Hugo.Extended
Likimaliza, lifungeni na mlifungue tena.

2. Tengenezeni folda ya tovuti, kisha ingieni ndani yake:
hugo new site kikundi
cd kikundi

3. Chagueni sura ya kurasa kutoka themes.gohugo.io, mkisoma maelezo yake. Ifungueni ndani ya folda ya themes na muipe folda yake jina sura. Kwenye faili ya hugo.toml ongezeni mstari huu:
theme = 'sura'
Bila sura, kurasa hazitaonekana.

4. Anzeni ukurasa:
hugo new content habari.md
Andikeni habari zenu chini ya mistari ya juu. Pale juu mtaona draft = true, maana yake ni rasimu.

5. Sasa tazameni:
hugo server -D
Kwenye brauza andikeni localhost:1313/habari/. Kurasa hizi ziko ndani ya kompyuta yenu tu, dunia haijaziona. Mkirekebisha neno na kuhifadhi, ukurasa hubadilika papo hapo. Kusimamisha, bonyezeni Ctrl na C.

6. Mkikubaliana wote, badilisheni true iwe false, kisha andikeni:
hugo
Kurasa za kupeleka nje zitakuwa ndani ya folda ya public.

Angalieni sana! Hugo haisafishi folda ya public. Ukurasa mliouondoa unaweza kubaki humo na kutoka nje pamoja na mpya. Futeni folda hiyo kwanza, ndipo mtoe amri ya mwisho.

Tena, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za mtu binafsi hapa Kenya. Jina, simu au picha ya mwanachama isitoke bila yeye kukubali. Deni ni siri ya kikundi.

Maswali ya kujadili:
1. Ni nani watatu watakaotazama kurasa kabla hazijatoka?
2. Mambo gani ya daftari letu hayafai kutoka nje kamwe?
3. Tukimkosea mwenzetu hadharani, tutamrudishiaje heshima yake?

Haba na haba hujaza kibaba. Mungu awabariki.